Mama na Nyumba Yake: Mume Ana Madeni, Mke Ana Sifa Njema, Je, Tuwapangishe?



Mwezi huu tuzungumze na mama mwenye chumba cha kupangisha. Hapa kwetu mkoani Mara mama wa namna hiyo ni wengi. Musoma mjini, kuanzia Mwisenge hadi Nyasho na Bweri, utakuta vyumba viwili au vitatu vimejengwa uani kwa fedha za dagaa, kwa kiinua mgongo cha baba au kwa mkopo wa kikundi. Bunda ipo kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Sirari, hivyo wageni wanaingia na kutoka kila siku, na kila mgeni anatafuta pa kulaza mbavu. Butiama nayo, tangu ilipofanywa wilaya mwaka 2012, imepokea watumishi ambao hawana nyumba yao pale. Kodi inayotoka kwenye vyumba hivi si fedha ya anasa. Ndiyo ada ya mtoto, ndiyo unga, na kwa mjane huenda ndiyo mshahara wake pekee.

Kwa hiyo mama anapompokea mpangaji, anapokea ama amani ama mateso ya mwaka mzima. Na jambo linalowasumbua wengi ni hili: wanapokuja mume na mke, mmoja anajulikana kwa kulipa vizuri na mwenzake anajulikana kwa kudaiwa. Uamue kwa kumtazama nani?

Tuchukue mfano. Mke ni muuguzi, mshahara wake unaingia kila mwezi, na pale walipokuwa wakikaa zamani yeye ndiye aliyekuwa akileta kodi. Mume ana mtumbwi wa dagaa, lakini anadaiwa nyavu, anadaiwa dukani, na watu wa mtaani wanasema alishahama nyumba moja usiku. Au ligeuze: mume ni mwalimu mtaratibu, lakini mke amezama katika mikopo ya mtaani, ile inayoitwa kausha damu, na kila juma kuna mtu anabisha hodi akidai. Wenye nyumba wengi huamua haraka. Mmoja husema, "Mume ndiye kichwa, basi tumtazame mume tu." Mwingine husema, "Mmoja akiwa mbovu, wote ni wabovu." Njia zote mbili zina hasara, na mara nyingi zina dhuluma ndani yake.

Abigaili na Nabali

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 25, tunasoma habari za mume na mke waliotofautiana sana. Nabali alikuwa tajiri, lakini mgumu na asiyejali wema aliotendewa. Mkewe Abigaili alikuwa na akili na busara. Daudi alipokasirika aliazimia kuiangamiza nyumba nzima kwa kosa la mtu mmoja. Abigaili alipotoka kwenda kumlaki, Daudi alimsikiliza kama mtu kamili, si kama kivuli cha mumewe, na nyumba ikapona.

Kinyume chake, katika Matendo ya Mitume sura ya 5 tunawaona Anania na Safira, mume na mke waliopatana vizuri sana, ila walipatana kuficha. Basi, mama, kupatana kwa mume na mke si uthibitisho wa uaminifu, na kutofautiana kwao si uthibitisho wa ubaya. Kila mmoja apimwe kwa matendo yake.

Sheria inawaonaje?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali, kuingia mikataba, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake. Ndoa peke yake haimfanyi mke awe mdaiwa wa nyavu ambazo mume alizikopa kabla hawajaoana. Sheria hiyohiyo inamtaka mume kumtunza mkewe, pamoja na kumpatia mahali pa kukaa, kwa kadiri ya uwezo wake. Kwa hiyo muuguzi wetu anaweza kuweka sahihi yake kwenye mkataba wa pango bila kumwazima mumewe jina. Na wewe mwenye nyumba huna sababu ya kumwambia, "Kamwite baba ndiyo tuongee."

Lakini hapa tuwe waangalifu. Sheria inatenganisha madeni, ila sufuria ya nyumbani ni moja. Mume asipokuwa na fedha ya kulipa nyavu, atachukua ya unga. Unga ukiisha, mke atatoa kwenye mshahara wake. Mwisho wa safari hiyo ni kodi yako. Ndiyo maana haitoshi kusema "huyu mmoja ni mzuri". Unataka kujua kama uzuri wa mmoja unaweza kubeba mzigo wa wote wawili.

Sifa ya ulipaji utaipata wapi?

Mijini siku hizi kuna kampuni zinazotunza kumbukumbu za wakopaji, zilizowezeshwa na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012. Kumbukumbu hizo ni kwa ajili ya benki na wakopeshaji. Mama mwenye vyumba vitatu Nyasho hana mlango wa kuingilia humo. Mkopaji mwenyewe ndiye anayeweza kuomba taarifa yake na kukuonyesha akipenda. Tena wengi wetu hatumo humo kabisa, maana tunakopa kwenye VICOBA, kwenye upatu na kwenye daftari la duka.

Kwa hiyo tumia mizani tuliyo nayo:

1. Stakabadhi za kodi za miezi iliyopita, au kumbukumbu za malipo kwa simu. Tazama zimelipwa kwa jina la nani na tarehe gani.

2. Mwenye nyumba wa zamani. Muulize maswali mawili tu: walilipa kwa wakati, na waliondoka vipi? Ukiweza, muulize na yule aliyemtangulia. Anayetaka kumwondoa mpangaji msumbufu anaweza kumsifu ili ahame upesi.

3. Daftari la kikundi, la mume na la mke, kila mmoja lake. Mtu anayerejesha mkopo wa kikundi bila kusukumwa atajitahidi kulipa kodi.

4. Barua ya utambulisho ya mwenyekiti wa mtaa wanaotoka, pamoja na kitambulisho cha taifa cha kila mmoja wao. Nakala utakayobaki nayo itunze vizuri. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na karatasi za watu si za kufungia vitumbua.

5. Ankara ya maji ya nyumba waliyotoka. Deni la maji huweza kubaki mlangoni pa mwenye nyumba baada ya mpangaji kuondoka. Aliyelipa maji ya watu alipokuwa akihama ni mtu wa kuaminika.

Kabila lisiwe mojawapo ya mizani hii. Tumezoea kusikia, "Mimi sipangishi kwa kabila fulani." Mjita, Mkurya, Mzanaki, Mwikizu na Mjaluo wote wana walipaji na wakorofi wao. Paulo mwenyewe alikuwa mpangaji ugenini Roma kwa miaka miwili, kama Matendo ya Mitume inavyomalizia.

Deni la namna gani?

Usiishie kwenye neno "anadaiwa". Kuna asiyeweza na kuna asiyetaka. Mtu aliyekopa kumtibu mtoto au kumzika mzazi, na anaonekana akipunguza kidogo kidogo, si sawa na mtu anayekopa kwa ajili ya pombe na kubeti. Uliza: deni ni la nini, limebaki kiasi gani, linalipwa kila lini, na litaisha lini? Mtu mkweli atakuwa na majibu, hata kama yanamwaibisha. Asiyejua anadaiwa kiasi gani ndiye wa kumwogopa.

Uliza pia mkopeshaji ni nani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka wakopeshaji wawe na leseni na vikundi visajiliwe. Mkopeshaji asiye na leseni, anayekuja jioni kubeba godoro na sufuria, ataleta vurugu uani kwako. Anaweza hata kubeba kitanda chako akidhani ni cha mdaiwa. Kama chumba kina samani zako, ziandikwe zote kwenye mkataba.

Tupige hesabu

Turudi kwa muuguzi na mvuvi. Tuseme mke anapata shilingi 400,000 mkononi kwa mwezi. Mume hupata wastani wa 200,000. Kodi yako ni 80,000. Mume anarejesha 30,000 kila juma, yaani 120,000 kwa majuma manne, na 150,000 mwezi unapokuwa na majuma matano.

Ukijumlisha mapato yote utaona 600,000, na utafurahi. Usifurahi bado. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapowaka mitumbwi hukaa ufukweni, na upepo ukichafuka ziwani ni hivyo hivyo. Fanya hesabu ya mwezi mbaya: mapato ya mke peke yake, 400,000, toa marejesho 150,000, inabaki 250,000. Toa kodi 80,000, inabaki 170,000 ya chakula, maji, umeme na shule. Ni kwa kubana, lakini inawezekana.

Sasa badilisha. Kama mke angekuwa anapata 250,000 tu, baada ya marejesho ingebaki 100,000, na baada ya kodi 20,000. Hapo hata malaika hawezi kulipa kodi. Watu hao wanaweza kuwa wacha Mungu kabisa, lakini chumba hicho si saizi yao. Waelekeze kwenye cha 40,000.

Kanuni ndiyo hii: pima kodi kwa mapato ya yule mwenye uhakika, ukisha kutoa madeni ya wote wawili. Hesabu ikikubali, deni la mmoja lisikutishe. Ikikataa, sifa njema ya mwingine haitakuokoa.

Nani aweke sahihi?

Kuna njia tatu, na kila moja ina maana yake.

Ya kwanza, wote wawili waweke sahihi na mkataba useme wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maana yake, kodi isipolipwa unaweza kumdai yeyote kati yao kiasi chote. Njia hii inakulinda wewe. Lakini tuwe wakweli: mume akitoroka kwenda visiwani, mke atabaki na deni zima. Msomee kifungu hicho kwa Kiswahili cha kawaida kabla hajashika kalamu. Si haki mwanamke mwenzako aje kukifahamu siku unapomdai.

Ya pili, aweke sahihi yule mwenye sifa njema peke yake, na mwenzake aandikwe kama mkazi. Hii inafaa pale mwenye kipato cha uhakika anapotaka mwenyewe kusimamia kodi. Haifai kama imetungwa ili kumficha mwenzake kwa wanaomdai. Uliza wazi sababu ni nini.

Ya tatu, awepo mdhamini, labda ndugu au mwajiri. Mithali inaonya zaidi ya mara moja juu ya kumdhamini mtu. Kwa hiyo mdhamini naye aelezwe kiasi na muda wa dhamana yake, na asishikwe kwa sahihi ya harusini.

Na wewe mwenye nyumba, mshirikishe mwenzi wako. Sheria ya Ndoa inakataza mwenzi mmoja kuiuza, kuigawa, kuiweka rehani au kuipangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwingine. Kama vyumba hivyo ni sehemu ya makazi yenu, mkataba uwe na sahihi zenu wote wawili.

Kodi ya mwaka mzima mkononi

Wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka, wakidhani ndiyo kinga dhidi ya wadaiwa. Fikiri kidogo. Familia yenye deni inatoa wapi 960,000 kwa mkupuo? Inakwenda kwa kausha damu. Utakuwa umepokea fedha yako, na wakati huohuo umewatia kwenye shimo ambalo mwakani watashindwa kukulipa kutoka humo.

Kwa wapangaji wa namna hii, miezi mitatu pamoja na amana ya mwezi mmoja inaweza kukusaidia zaidi. Baada ya hapo kodi ifuate mapato yao. Mwenye mshahara alipe mwishoni mwa mwezi, na mvuvi aweke fungu lake baada ya siku za giza. Malipo yapitie simu au benki, na yaandikwe kwenye daftari lenye sahihi ya aliyelipa na aliyepokea.

Siri ya mwenzi

Hapa nakuomba, mama, usome polepole. Katika kuulizia unaweza kugundua kwamba mke ana mkopo ambao mume haujui. Usiropoke mbele ya mume. Zipo nyumba ambazo neno kama hilo humletea mwanamke kipigo au kufukuzwa usiku na watoto. Wewe ulikuwa unatafuta mpangaji, usiwe sababu ya jeraha.

Fanya hivi: waulize wote wawili maswali yale yale mkiwa pamoja, kisha mpe kila mmoja nafasi ya kuongeza neno peke yake. Anayeficha mwambie kwa upole, "Mwanangu, siwezi kuandika mkataba juu ya jambo lililofichwa. Nenda ukazungumze na mwenzio, na kama unaogopa, mtafute mchungaji, padre au mama mlezi wa jumuiya awasindikize." Mpe siku chache. Akirudi na ukweli, umepata mpangaji. Asiporudi, siri yake ifie kwako. Isiende kisimani wala kwenye kikundi.

Kukataa kwa heshima

Ukiona haiwezekani, sema mapema ili wasiendelee kumlipa dalali bure. Usishike fedha yao "kwa muda". Huna haja ya kutangaza sababu mtaani. Inatosha kusema, "Kwa hesabu tulizofanya pamoja, chumba hiki kitawaelemea."

Ikiwa umewapokea na mambo yameharibika, usiezue bati wala kung'oa mlango. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005. Kwa hiyo mkataba wako wa maandishi ndio ngao yako kubwa. Toa taarifa kwa barua na ubaki na nakala. Mwone mwenyekiti wa mtaa. Baraza la Kata, tangu mabadiliko ya mwaka 2021, kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa Musoma lipo mjini. Huko utaulizwa mkataba na daftari la malipo, na ndipo utakapofurahi kwamba uliandika.

Mjane wa siku za Elisha, katika Wafalme wa Pili sura ya 4, aliachiwa madeni na mumewe, na mdai alikuja kuwachukua wanawe. Alisaidiwa kwanza kulipa deni, kisha kuishi kwa kilichobaki. Mpangaji wako anaweza kuwa mama kama huyo. Mpokee ukiwa na daftari mkononi, na kila kitu kiandikwe.

Maswali ya kujadili katika kikundi cha akina mama

1. Katika mtaa wetu, je, mwanamke mwenye kipato anaruhusiwa kupanga nyumba kwa jina lake? Kama hapana, nani anamzuia?

2. Nyumbani kwako, je, wewe na mwenzi wako mnajua jumla ya madeni ya kila mmoja? Mngeweza kumwonyesha mwenye nyumba bila kufichana?

3. Kikundi chetu kinaweza kufanya nini ili mwenzetu aliyenaswa na kausha damu atoke kabla hajafukuzwa kwenye nyumba?

Mungu awabariki, na vyumba vyenu vipate wapangaji wema.